Presha Isiyoonekana Mkononi

Mara ya kwanza Mageni kununua dhahabu kwa Lukresia, alidhani amekutana na mwanamke mgumu kuliko wote machimboni Geita. Alipotaja bei, Lukresia alinyamaza, akatazama chini, mabega yakipanda na kushuka. Mageni alikuwa amejiinua mwenyewe kutoka kuchuuza chumvi, hakuzoea kunyamaziwa. Akapandisha bei. Kimya. Akapandisha tena.

"Mayu, mama wee, niue basi!" Mageni akalia.

"Hata ile ya kwanza nilishaikubali," Lukresia akasema alipopata pumzi. "Nilishindwa tu kusema."

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Lukresia alikuwa akitwanga mawe ya dhahabu tangu aachike, kinu cha chuma mapajani, mawe makavu, vumbi likimpaka kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Sasa miguu ilimvimba, na njiani kwenda kisimani aliketi mara kwa mara. Cornel, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alisema huyo mvivu. Akikaa tena, kinu anapewa mwingine.

Lukresia akaenda zahanati. Mganga akamfunga kipimo cha presha mkononi, akaminya mpira, akasoma.

"Presha yako nzuri kuliko yangu. Kafanye kazi."

Cornel akayapokea maneno hayo kama hukumu ya mahakama.

Wifi yake Klara hakukubali. Miguu kuvimba, pumzi kukata, kama si presha ni nini? Akamletea vidonge vya presha alivyochukua kwa mama yake mzazi. Lukresia akameza, asije akanyang'anywa kinu. Kesho yake, mchi ukiwa juu, akaanguka.

"Amka, mwigizaji!" Cornel akafoka.

Mageni alikuwa amekuja kununua. "Hata ng'ombe akianguka mnadani, watu humtazama kabla ya kumtukana!" Akampakia kwenye lori la pamba, yeye na Klara, hadi hospitali ya misheni.

Sista Scolastika, daktari, alitazama picha ya kifua, kisha vidonge.

"Nani kampa hivi?"

"Mimi, Sista. Si ana presha?"

"Presha ipi? Ile mnayoijua iko katika mishipa inayopeleka damu mwili mzima. Ndiyo tunayoipima mkononi. Yake imepanda katika mishipa ya kutoka moyoni kwenda mapafuni. Vumbi limeyakakamaza mapafu, mishipa imebana, upande wa kulia wa moyo unasukuma mpaka unachoka. Mkono hauonyeshi hayo. Ya mkononi ilikuwa sawa, nanyi mkaishusha kwa dawa ya mtu mwingine. Ndiyo maana kazimia."

"Mpe basi dawa ya mapafu," Mageni akasema.

"Ninayo ya kupunguza maji miguuni. Ya kuyarudisha mapafu sina. Vumbi asilisogelee tena."

Mageni alirudi machimboni damu ikimchemka. Watu wote wale wenye macho, wakaamini mkono na kukidharau kifua kilichokuwa kinahema mbele yao!

"Lowesheni mawe kabla ya kutwanga," akamwambia Cornel.

"Mawe mabichi yanachelewesha. Nunua dhahabu, uganga waachie waganga."

"Basi yako sinunui."

Hakununua tena pale, na duara lile ndilo lililokuwa bora kuliko yote aliyoyajua. Lukresia alihamia kwa kaka yake, huko Nyahanga, anauza vitunguu ameketi. Yu hai, lakini ndoo ya maji huchotewa. Cornel hakupoteza kitu. Kabla ya Jumapili iliyofuata alishapata msichana kutoka Bukombe, akamkalisha kwenye kinu, akammwagia mawe makavu.