Jina Nililoliruka

Juzi kule Nkololo, kwenye tambiko la ukoo, mtoto wa kaka yangu alisoma majina ya wahenga kutoka kwenye daftari lililoliwa na mchwa. Niliutambua mwandiko. Ulikuwa wangu.

Alasiri nilipoliandika, nikiwa bado mtoto, bibi alikuwa akichambua pamba uani, nami nimelala kifudifudi kando yake na kalamu. Pamba ilinukia jua na dawa ya wadudu, na barabarani malori ya wanunuzi wapya wa pamba yalishindana kupiga honi. Nilikuwa nimeapa: Wakristo wana kitabu, Waislamu wa dukani wana kitabu, na sisi wa matambiko tutakuwa na chetu kabla ng'ombe hawajarudi. Bibi alitaja majina ya wahenga, nikaandika.

Nilipomsomea, alitikisa kichwa. "Umemruka Kabula. Ndiye aliyewavusha watoto mwaka wa njaa. Mrudishe."

Nilikataa. Katika Biblia ya katekista sikuwahi kuona neno lililokatwa, nikaamini vitabu vitakatifu hushuka vikiwa safi, na kwamba nikikata au kuchomeka jina, changu kitakuwa cha uongo. Sikujua ni mikono mingapi ilivinakili vile vingine, ikakosea, ikabishana. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alirudi kwenye pamba yake.

Juzi nilisimama mbele ya ukoo mzima. "Kabula hayumo humo. Nilikosea mimi."

"Shangazi," kijana akasema kwa upole, kidole kikiwa kwenye ukurasa, "ndivyo ilivyoandikwa."

Nikalichukua daftari mikononi mwake, nikaomba kalamu.