Karatasi ya Ijumaa Iliyonichukia

Wengine huchukiwa na majirani. Wengine na wakwe. Mimi nilichukiwa na karatasi.

Sitanii. Karatasi ya shule ya msingi, ile inayokunjwa na kutiwa kwenye begi la mtoto kila Ijumaa. "Habari za Wiki na Vikumbusho kwa Familia." Juu kuna nembo ya shule, chini kuna muhuri, na hapo katikati, karibu muhula mzima, nilikuwa mimi. Nasemwa kwa adabu.

Ngoja nianze na nyumba, tusije tukapotezana.

Nilipomaliza sekondari, matokeo yangu hayakunipeleka popote. Yaliniacha kwenye kochi la dada yangu.

Dada anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya mchana. Anarudi jioni ana unga mpaka kwenye nyusi. Ana binti mmoja tu, yuko darasa la nne. Alinipokea kwa sharti moja.

"Shule ikitoka, mtoto awe mkononi mwako. Mengine yote ni yako, lala, kula, chezea simu. Hilo likikushinda, shangazi anakungoja."

Shangazi yetu anafuga kuku, na anaamka kabla yao. Nilikaa kwake likizo moja tu, na mpaka leo nikisikia jogoo mgongo unauma.

Kwa hiyo msinione nakwenda shuleni mkadhani nina moyo mzuri. Nilikuwa nalinda kochi langu.

Sasa huyu mpwa wangu ni mtoto wa maneno machache na begi kubwa. Lilikuwa begi la mama yake. Akilivaa linashuka mpaka nyuma ya magoti. Siku ya kwanza nilipomwona anatoka nalo, polepole, shingo mbele, nilishindwa kujizuia.

"Kobe huyo anakuja. Mpisheni, ana gamba."

Wenzake wakacheka. Mlinzi wa geti akacheka mpaka akashika goti. Nikaona nimeanza kazi vizuri.

Ikawa ndiyo salamu yetu. Kobe, toa kichwa. Kobe, leo utafika kweli? Utani wa mjomba tu, nani hakuupata utotoni?

Wiki chache baadaye, tukiwa njiani, akaniambia, "Mjomba, leo nimechaguliwa."

"Kuwa nani? Waziri wa kamasi?"

Akanyamaza. Akanyamaza mpaka nyumbani. Nikajisemea ndivyo walivyo kobe, ukiwagusa wanaingiza kichwa.

Ijumaa ileile, vita ikaanza.

Pale nyumbani, Ijumaa tukishakula, mpwa wangu husimama na kumsomea mama yake karatasi ya shule. Dada husikiliza amefumba macho, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mtoto anasoma kama mtangazaji wa redio anayelipwa ili asicheke.

"Mkutano wa wazazi umesogezwa mbele. Maktaba inaomba vitabu virudishwe, hata vilivyotafunwa. Kikumbusho. Wanaokuja kuchukua watoto wavae kwa heshima. Ndala za bafuni ni za bafuni."

Dada akafumbua jicho moja. Likatua miguuni kwangu.

"Hiyo ni ya wazazi," nikasema. "Mimi si mzazi."

"Imeandikwa 'wanaokuja kuchukua,'" mpwa wangu akasema, macho yapo kwenye karatasi.

Sawa. Bahati mbaya.

Ijumaa iliyofuata: "Mbele ya geti si kijiwe. Chukua mtoto, ondoka."

Na nani alikuwa anapiga soga za mpira na mlinzi mpaka mtoto anachoka kusimama? Basi.

Ijumaa nyingine, hii iliniuma: "Chakula kilichobaki kwenye kopo la mtoto ni cha mtoto. Anayekuja kumchukua ale kwao."

Dada akatoa miguu kwenye beseni. "Unakula chakula cha mwanangu?"

"Dada, kipande cha mkate. Na tunakula kule kona ya fundi viatu, shule haionekani. Wamejuaje?"

"Kwa hiyo unakula."

Nikaona hapa nimewindwa. Kuna mtu amenitega, ana macho mpaka kwa fundi viatu. Na nilimjua ni nani.

Pale ofisini kuna karani mmoja wa kike, mtu mzima, miwani ina kamba. Mimi namwita Bi Muhuri, kwa sababu hakuna kitu anachokipenda kama kugonga muhuri. Karatasi ile ya Ijumaa inatoka kwake. Na tulikuwa na kisa. Siku moja nilimwuliza kwa heshima zote kama na wanawe anawagonga muhuri kabla hawajalala. Hakucheka. Asiyecheka huwa anaweka akiba.

Nikaenda dirishani kwake.

"Habari za kazi, Bi."

"Nzuri. Sema shida."

"Shida ni karatasi. Naona imenipenda."

"Karatasi ipi?"

"Ndala. Kijiwe. Kopo la chakula. Kama una neno na mimi niambie hapahapa, niko mbele yako."

Akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Kijana, shule hii imejaa watoto. Unadhani mimi nakaa hapa nawaza ndala zako?"

"Umejuaje kama ni zangu?"

"Umezivaa."

Foleni ya wazazi nyuma yangu ikacheka. Niliondoka pale masikio yanawaka.

Na mimi nikichekwa silali. Nikakaa nikaandika karatasi yangu, kesho yake nikaibandika kando ya ubao wa matangazo wa shule. "Vikumbusho kwa Shule. Karani anakumbushwa kuwa muhuri ni wa karatasi, si wa uso. Kengele inakumbushwa kulia kwa wakati. Na mwandishi wa vikumbusho ajitokeze kama ana ubavu."

Wazazi walipiga picha. Nilijiona shujaa kwa muda kama wa kuchemsha chai.

Mwalimu mkuu alimpigia dada simu kiwandani.

Jioni aliingia hajanawa hata unga. "Nimeitwa mbele ya msimamizi kupokea simu. Naambiwa mdogo wangu anabandika matusi shuleni."

"Si matusi, Dada, ni..."

"Nyamaza. Unanitafutia kufukuzwa kazi. Neno moja tu tena kutoka shule ile, unakwenda kwa shangazi. Nguo zako nitazifunga mimi mwenyewe."

Mpwa wangu alikuwa anaosha mikono pale kwenye ndoo. Aliiosha sana siku hiyo.

Ijumaa ikafika. Nilikaa mbali na meza, kama mshtakiwa.

"Kikumbusho," akasoma. "Kuanzia Jumatatu, mwanafunzi wa darasa la nne na kuendelea asiyetaka kwenda na mtu aliyekuja kumchukua ana ruhusa ya kusema hapana. Ataketi ofisini mpaka mzazi wake mwenyewe afike."

"Hicho ni kizuri," dada akasema. "Watu wamekuwa wabaya siku hizi."

Nikashusha pumzi. Hatimaye kikumbusho kisichonihusu. "Kobe, umesikia hiyo? Sisi ni damu, haitugusi."

Akaikunja karatasi. Akaikunja tena.

"Nimesikia, Mjomba. Nimeisoma mimi."

Jumatatu nilivaa viatu. Nikachomekea shati. Nilitaka Bi Muhuri achungulie dirishani akose pa kunishika. Kengele ikalia, watoto wakamwagika, na nyuma yao lile begi likaja taratibu.

"Kobe wangu huyo..."

Hakunitazama. Alimwendea mlinzi. "Simtaki."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Kikumbusho cha wiki. Simtaki huyu. Nataka kukaa ofisini."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mlinzi, rafiki yangu wa soga za mpira, alijisogeza akasimama katikati yetu. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu na gauni lake. Mwingine akanipima kuanzia kiatu mpaka kichwa, kama anayehifadhi sura yangu kwa ajili ya polisi.

Kicheko kikanikauka mdomoni. Umewahi kutazamwa kama mbwa asiye na mwenyewe? Usiombe.

Niliingia ofisini kwa hasira. Mpwa wangu ameketi, begi mgongoni, miguu haifiki chini. Bi Muhuri anaweka simu mezani.

"Mama yake anakuja," akasema.

Nikaona kuku wote wa shangazi wamejipanga mstari wananipokea.

"Umefurahi sasa," nikamwambia. "Umenishindwa kwa karatasi, ukamfundisha mtoto."

"Mimi nachapa na kugonga muhuri. Siandiki."

"Anaandika nani?"

Aligeuza miwani yake kule kwenye kiti.

Kwenye sweta la mpwa wangu kulikuwa na utepe mwekundu, umeshikwa na pini, na kikadi chini yake. Nilikuwa nauona kila siku. Nilidhani ni kibanio cha nywele kimepotea njia. Siku hiyo nikakisoma kile kikadi.

MKUMBUSHAJI.

"Kila muhula darasa la nne wanachagua mmoja," Bi Muhuri akasema. "Anatazama, anasikiliza, Alhamisi ananisomea familia zikumbushwe nini. Mwalimu mkuu anapitisha. Wakubwa tunaoneana haya, watoto hawana haya hiyo. Hicho cha leo mwalimu mkuu alikipenda mno. Alisema ni cha usalama."

Ndala, kijiwe, kopo la mkate, kona ya fundi viatu. Jasusi wangu nilikuwa nimemshika mkono namvusha barabara.

"Wewe?" nikamwuliza.

"Nilikwambia nimechaguliwa. Ukasema waziri wa kamasi."

"Sasa si ungesema tu, kama kuna kitu?"

"Nimesema. Kila Ijumaa. Mbele yako. Kwa sauti."

Bi Muhuri akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Dada akaingia na aproni ya kiwandani, kofia ya wavu bado kichwani. Alimtazama mtoto kwanza, mwili mzima. "Amekufanya nini?"

"Ananiita Kobe."

Dada akashusha pumzi yote aliyokuja nayo. "Basi?"

"Darasa zima linaniita Kobe. Wiki iliyopita mwalimu wa hesabu alikosea naye akaniita Kobe. Akaomba radhi, wakacheka zaidi. Jina langu hakuna anayelikumbuka, Mama. Na mimi ndiye mkumbushaji."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningemtania.

"Mbona hicho hukukiandika?" nikauliza. Sauti yenyewe ilitoka ndogo.

Akanitazama kama mtu anayemweleza mjinga njia. "Nikiandika, si shule nzima itajua?"

Dada akageuka kwangu. "Nenda kafunge nguo."

"Dada, nakuomba. Kule kwa shangazi..."

"Zamu yangu leo imekatwa kwa ajili ya mdomo wako. Kafunge nguo."

Halafu akasita. Nilijua anawaza nini. Nikiondoka, kesho getini atasimama nani? Akachuchumaa mbele ya binti yake. "Mama, anayechukuliwa ni wewe. Aende au abaki?"

Nawaambia ukweli, sijawahi kungoja matokeo ya mtihani kwa hofu vile. Yule mtoto alinitazama bila huruma hata chembe.

"Abaki," akasema. "Lakini asije getini. Asimame ng'ambo ya barabara, pale kwenye nguzo. Atembee nyuma yangu. Na asiseme neno mpaka nyumbani."

"Hata salamu..."

"Umeshasema."

"Kingine?" Bi Muhuri akauliza. Alikuwa tayari anachapa, wallahi.

"Begi alibebe yeye."

Karani akaitoa karatasi mashineni, akaigonga muhuri mpaka kikombe chake cha chai kikaruka. Ndiyo mara ya kwanza nikayaona meno yake. Mazuri tu, kumbe.

Kesho yake nikasimama kwenye nguzo. Mpwa wangu akavuka na mlinzi, akanipa begi, akatangulia. Nikalivaa. Begi lile ni zito jamani, sijui wanasoma mawe. Mikanda haikunitosha, ikanivuta, ikabidi niiname, shingo mbele, nimfuate polepole.

Kitoto kimoja cha darasa la kwanza kikaninyooshea kidole.

"Kobe huyo."

Barabara nzima ikacheka. Mlinzi akashika goti. Kila mtoto aliyekuwa akimwita yeye Kobe sasa ananiita mimi, na siwezi kujibu, mdomo umefungwa kwa muhuri wa shule.

Mpwa wangu hakugeuka. Alisema tu mbele, taratibu, kama anayesoma:

"Mpisheni. Ana gamba."

Mpaka leo sijui kama alipanga, akaifupisha ile mikanda ya begi makusudi. Nilipomwuliza, nyumbani, mahali ninaporuhusiwa, alijibu, "Nipange nini, Kobe?"

Muhula haujaisha. Yeye wanamwita kwa jina lake. Mimi fundi viatu ananiita Kobe. Muuza magazeti ananiita Kobe. Juzi dada aliteleza ulimi mezani.

Alhamisi nilimpa mkumbushaji ombi langu, kwa mdomo, kwa heshima zote. Kwamba familia zikumbushwe kuita watu kwa majina yao.

"Nitafikiria," akasema.

Ijumaa nikakaa karibu na meza kabisa. Akasoma kuhusu kukata kucha. Akasoma kuhusu chupa za maji. Akasoma kuhusu vitabu vya maktaba. Akakunja karatasi, akaenda kulala.

Fundisho langu ni hili, msinicheke. Jina la utani ni mzigo. Kabla hujamtwika mtu, lijaribu mgongoni mwako kwanza, kwa sababu likirudi halirudi na mikanda ya saizi yako.

Na kama kwenu kuna mtoto anayesoma karatasi ya shule kwa sauti, weka simu chini usikilize. Huenda anakusoma wewe.