Nilichezeshwa Ubibi Harusi China, Sasa Bwana Harusi Amerudi

Admin, nifiche jina na mtaa, Dodoma tunajuana.

Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa, nina watoto watatu. Asili yetu Kondoa. Marehemu baba alikuwa na duka la vitenge na vyombo hapa mjini, na biashara huria ilipochangamka akawa miongoni mwa wa kwanza pale sokoni kufuata mizigo China. Mwenzake wa biashara alikuwa mzee wa kijijini kwetu, nitamwita Ami. Si ndugu wa damu, ila tulimheshimu kama baba mdogo.

Nilipomaliza kidato cha sita, baba alitupeleka China mimi, mama na kaka yangu. Ami alikuwa ametangulia. Siku ya mwisho akatualika kwenye ukumbi ambako watu hula huku wakioneshwa ngoma na mila za zamani za Wachina. Alikuwepo na mkalimani, kijana Mwislamu wa Tanga aliyesoma kule.

Ukafika mchezo wa harusi. Wachezaji walishuka kutafuta bibi harusi kwa wageni, wakanivuta mimi, wakanifunika shela jekundu. Wakataka na bwana harusi. Ami akainuka kabla hajaitwa. Tulicheka sana, maana siku zote alinitania "mchumba wangu", nami namjibu alete mahari kwanza.

Mshereheshaji akauliza baba wa binti yuko wapi. Baba yangu utani hakuweza kuuacha hata msibani. Akasimama, akamshika Ami mkono, akasema maneno yale yale aliyomwozeshea dada yangu mkubwa, akataja jina langu, na mahari akataja saa ya mkononi ya Ami. Ami akavua saa, akanivalisha. "Nimekubali kumwoa." Hakuwa anacheka. Kaka na mkalimani walikuwa wamesimama pembeni wanapiga makofi.

Mama aliacha kula. "Baba watoto, maneno hayo hayachezewi. Ndoa haina masihara."

"We mama nawe," baba akasema, "hii si ngoma ya Wachina tu?"

Tukarudi. Miaka mitano baadaye nikaolewa na kijana niliyempenda. Ami hakuja harusini, alituma salamu kwamba yuko safarini. Ila kila Idi aliniletea doti ya kanga kwa mkono wa kaka. Mimi mjinga nikaona ni ukarimu, kumbe mwenzangu alikuwa anamvisha mke wake.

Baba alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, Ami akanikuta na mama uani. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Baba yako nilimstahi, nikanyamaza," alisema taratibu. "Kanga zangu umevaa. Talaka sijatamka hata siku moja. Hao watoto unaozaa na mtu mwingine, utasema ni wa nani?"

Nikamfuata kaka anitetee. Duka la baba analiendesha yeye sasa, kwa mizigo ya Ami. Akaangalia chini. "Dada, mimi nilikuwepo. Nikiulizwa, nitasema nilichosikia."

Najua mtaniambia niende kwa shehe. Sijaenda, kwa sababu naogopa atanijibu. Kuna jambo hata mama halijui. Siku ile, katikati ya zile kelele, mkalimani aliinama karibu na shela akaniuliza kama nimeridhia. Nikasema ndiyo, huku nakufa kwa kicheko.

Jana Ami amempigia simu mume wangu, ambaye hajui lolote, kwamba Ijumaa baada ya swala atakuja kututembelea. Mume wangu amefurahi kupata ugeni wa mtu mzima kama yule. Asubuhi hii kaniachia hela ya jogoo, akaniuliza, "Mzee wako anapendelea wali au ugali?"

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu mnaosoma, nipeni maneno ya kumwambia mume wangu, maana mimi yangu yamekwisha.