Shingo ya Mwakilishi

Sitasema uongo. Siku chama chetu cha wakandaji kilipomchagua yeye awe mwakilishi, nilipiga makofi kuliko wote, na roho iliniuma kuliko wote. Mimi ndiye wa kwanza kuweka kitanda kwenye banda letu pale Diani. Nilifundishwa kukanda na bibi yangu huko Msambweni, aliyewakanda wanawake waliojifungua mpaka arobaini zao zikapita. Yeye amekuja juzi tu kutoka Tiwi na cheti chake cha miezi mitatu, Kiingereza kinamtoka kama maji ya mfereji, na wenzangu wote kutwa ni "mwakilishi, mwakilishi." Hata chai humiminiwa yeye kwanza. Nikajisemea, ngoma ivumayo haidumu, nikangoja ipasuke.

Ikaja siku ya kikao. Maafisa wa utalii walitaka kupunguza wakandaji wa ufukweni: mwenye cheti abaki, asiye nacho aondoke. Katika banda letu asiye na cheti ni mmoja, nami ndiye. Hebu fikiria, kutetewa na mtu ninayemwonea kijicho. Heri ningejitetea mwenyewe, lakini kanuni yetu ni kwamba kikaoni huzungumza mwakilishi peke yake.

Asubuhi ile akaja bandani ameshika shingo. Alikuwa amelala vibaya, haigeuki kulia wala kushoto.

"Shikamoo dada. Nikande, tafadhali. Siwezi kwenda mbele ya watu hivi."

Kati ya wote, akanijia mimi.

Bibi yangu alikuwa na sharti lake. Usimguse mtu ukiwa na kinyongo naye. Nawa mikono kwanza, umsamehe moyoni, ndipo utie mafuta. Mikono nilinawa. Kusamehe sikusamehe. Upande wa kulia nikamkanda vizuri mpaka fundo likalegea chini ya kidole gumba. Upande wa kushoto nikapitisha mafuta juu juu tu. Fundo nililigusa, nikalijua lilipo, nikaliacha.

"Tayari, mwenzangu," nikamwambia. Akashukuru, akavaa buibui lake, akaenda.

Kikaoni nilikaa nyuma kabisa. Wallahi nilitamani akwame, ijapokuwa akikwama yeye, anayefukuzwa ni mimi. Wivu hauna akili. Afisa mmoja akauliza, mtu asiye na cheti atajulikanaje kama anaijua kazi?

Mwakilishi akasimama. "Leo asubuhi shingo yangu ilikuwa haigeuki. Aliyenikanda hana cheti. Nitazameni."

Akageuza kichwa kulia, taratibu, mpaka kidevu kikakaribia bega. Watu wakacheka, afisa naye akacheka. Kushoto hakugeuza. Alipoulizwa swali na mama aliyeketi upande huo, aligeuka mwili mzima, ungedhani ni adabu tu. Hakuna aliyetambua ila mimi.

Wakakubaliana kwamba tusio na vyeti tupimwe kwa kazi ya mikono yetu, na anayeiweza abaki. Wenzangu wakamkumbatia, wakamshangilia. Mimi nikatangulia bandani, nikaanza kukunja mashuka yaliyokuwa yamekwisha kukunjwa. Nilikuwa nimeokoka, na bado roho ilinichoma kwa vile walivyomshangilia.

Haukupita muda akaingia. Akavua buibui, akalitundika msumarini, akajilaza kifudifudi kwenye kitanda kile kile cha asubuhi.

"Haya dada," akasema, sauti haina hasira hata chembe, "sasa nimalizie na upande wa pili."

Nikaenda kunawa mikono upya, na maji yakinitiririka vidoleni nikawa nawaza jambo moja tu: kumbe hata kusamehe, amenishinda.