Tunda la Yago na Programu Isiyosimama

Kaka yangu aliingia machimboni Tarime miaka ile ya dhahabu, wakati karibu kila nyumba ilitoa mtu. Duara, yaani shimo alilokuwa akichimba, lilijaa maji ya mvua, kisha likaporomoka. Wenzake walisema alikuwa chini. Mmoja tu aliapa kwamba asubuhi hiyo alimwona akipanda lori la kwenda Sirari, mpakani. Mwili haukupatikana.

Sisi Wajaluo, mtu akipotea hivyo, tunazika tunda la yago badala yake, lile refu na zito, na matanga yanaisha. Baba alitaka tuzike. Mama alikataa. Mahindi yalivunwa mara mbili, na bado walikuwa hapo hapo.

Likizo moja nilirudi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tuliyekuwa tukisoma naye kompyuta Mwanza. Tulikaa uani tukimsaidia mama kupukuchua mahindi, huku tukiendeleza ubishi wa chuoni.

"Nitaandika programu," alisema binamu. "Ukiipa programu nyingine yoyote, itakuambia kama hiyo itafika mwisho au itazunguka milele."

"Huwezi."

"Wewe ndiye huwezi. Uvivu wako usinigawie. Programu ikirudi pale pale ilipokuwa, bila chochote kubadilika ndani yake, si itazunguka tu?"

"Hiyo utaikamata. Lakini kuna inayohesabu kwenda mbele tu, ikitafuta namba ambayo hujui kama ipo. Halafu mimi nitaandika moja ya kukuchokoza. Itaiuliza ya kwako, 'Je, nitasimama?' Ikiambiwa ndiyo, itazunguka milele. Ikiambiwa hapana, itasimama hapo hapo. Ya kwako itajibu nini isikosee?"

Binamu alinirushia gunzi. "Huo ni uchawi wa kwenu."

Mama alikuwa ameacha kupukuchua.

"Kwa hiyo hata mashine haiwezi kujua?"

"Si kwa programu zote, mama. Zipo ambazo inajua."

"Laiti baba yako angesikia hilo."

Baba alikuwa mlangoni, amesikia. Alimgeukia binamu. "Huko chuoni, kitu kikizunguka, mnakiangalia mpaka lini?"

"Tunaweka muda, mzee. Ukipita, tunakata."

"Bila kujua?" aliuliza mama.

"Bila kujua, shangazi."

"Na kama kilikuwa kimebakiza kidogo?"

Binamu, ambaye hakukosa neno tangu tushuke stendi, aliangalia mikono yake. "Hatutajua tena."

Mama alirudi kwenye mahindi. Alipukuchua mpaka ungo ukajaa, akaupeleka ndani, akatoka na ungo mwingine mtupu. Ndipo akasema, bila kumtazama baba, "Leteni hilo tunda. Lakini mseme nimeacha kungoja. Msiseme amekufa."

Baba aliitikia kwa kichwa.

Mimi na binamu tulilibeba tunda ndani ya shuka. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na hatukutaniana njia nzima. Kaburini, mzee wa ukoo aliyeongoza maziko alianza kwa mazoea: "Marehemu wetu..." Mama aligeuka, akaondoka kati ya watu, akashika njia ya nyumbani.

Baba alimwinulia mzee mkono, akamnyamazisha. Akasema mwenyewe, "Mama yake ameacha kungoja. Nami nimeacha." Kisha akachukua udongo.

Mama alikuwa ameshafika mbali. Hakumsikia.