Sebule ya Safu Mbili

Mtaani wanamwita Mzee Mashine, na wengi wanaomwita hivyo hawajui mashine yenyewe ilikuwa ipi. Wanadhani ni kwa sababu ya feni na pasi anazotengeneza barazani kwake. Mashine iliyompa jina ilikuwa ya kuonyesha sinema, kubwa kama kabati la nguo, ikinguruma ndani ya chumba kidogo juu kabisa ya ukumbi. Yeye ndiye aliyeilisha mikanda, akaipepea ikipata joto, akaibembeleza ikigoma. Chini yake ukumbi ulimeza mamia ya watu waliooga na kupiga nguo pasi kwa ajili ya kwenda kukaa gizani. Leo ni ghala la vigae. Makuli wanapitisha maboksi katika mlango uleule ambao zamani asiye na tiketi hakuupita, hata awe mkwe wa meneja.

Mkewe wanamwita Bi Tochi. Naye jina lilitoka kazini: aliwaongoza waliochelewa hadi kwenye viti vyao, tochi mkononi, na mpiga kelele alimulikwa usoni mbele ya mchumba wake mpaka akanywea. Mzee Mashine alimpenda kabla hajamwona vizuri. Kutoka kule juu aliona mwanga mdogo tu ukitembea, na picha ikifika mahali pa kuchekesha, alisikia kicheko kimoja kikiwatangulia watu wote, kikali, cha kupanda, kama jogoo aliyemwona bata amevaa viatu. Akajiambia, mwenye kicheko kile lazima nimjue.

Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kimepotea nyumbani.

Hakikupotea kwa siku moja. Masikio ya Bi Tochi yalianza kuzeeka kabla mwenyewe hajakubali kuzeeka. "Waigizaji wa siku hizi wanaongea kama wana maji mdomoni," alilalamika. Mumewe akiongeza sauti, kilichopanda ni muziki na milio ya magari. Maneno yalibaki palepale chini. Akaanza kuondoka katikati ya mchezo, mara aangalie sufuria, mara akunje nguo, mpaka ikawa haketi kabisa. Kiti chake kikageuka cha kuwekea magazeti. Binti yao, muuguzi, akirudi kazini alijifungia chumbani na simu, waya masikioni. Nyumba moja, watu watatu, kila mmoja na lake. Zamani watu wasiojuana waliketi bega kwa bega wakalia kilio kimoja. Leo watu wa damu moja wanacheka kila mtu na ukuta wake, na hayo tunaambiwa ni maendeleo.

Mzee Mashine alitaka mkewe arudi kwenye kiti chake. Hilo tu. Lakini kwa mtu aliyeishi na mashine, kila tatizo lina mashine yake, na hii aliijua: amplifaya ya sinema ya nyumbani, yenye spika ya peke yake kwa ajili ya maneno. Tena ingemwondolea na udhia mwingine. Runinga yao ilikuwa nyembamba, ya kisasa, yenye matundu mawili tu ya kuchomekea vyombo, na vyombo vilikuwa vitatu bila kuhesabu santuri: king'amuzi cha binti, deki ya diski, na deki ya kanda ambayo Mzee Mashine alikataa katakata itupwe. Kila walipobadilisha, ilibidi apige magoti, achomoe huu, achomeke ule, kisha ainuke huku goti likilia kama mlango mbovu.

"Baba, nunua ile spika ndefu kama fimbo," binti alimshauri. "Unailaza chini ya runinga, basi, kazi imeisha."

"Fimbo? Nataka kusikiliza sinema, sitaki kuchunga ng'ombe."

"Ni rahisi, Baba."

"Na kunyamaza ni rahisi zaidi, mbona hunyamazi?"

Binti akacheka, akaenda zake na simu yake.

Asubuhi iliyofuata Mzee Mashine akatoka kwenda kutafuta amplifaya. Hakujua majina ya waya za kisasa, na kuuliza alikuwa hapendi, basi akazichomoa zote akazivaa shingoni kama mganga, akaiacha nyumba haina habari wala muziki. Alipita maduka makubwa mawili. Mahali pote alikuta vijana nadhifu waliokuwa wakisoma maelezo kwenye boksi, maelezo ambayo hata yeye alikuwa anayaona. Zamani muuza redio alikuwa fundi redio. Akikuuzia, anakufungulia mgongo wa redio akuonyeshe utumbo.

La tatu lilikuwa duka dogo la vyombo vilivyokwisha tumika, na mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye bisibisi nyuma ya sikio, mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Karibu, mzee wangu. Hizo waya umekuja kuuza au umetoroka hospitali?"

"Nimekuja kuzitafutia nyumba, mama. Kila moja inataka tundu lake."

Mama akacheka, akazitoa shingoni mwa mzee moja moja. "Hizi mbili bapa ni za king'amuzi na deki ya diski. Hizi nyekundu na nyeupe ni za zamani. Bado una deki ya kanda, baba?"

"Ninayo, na inafanya kazi kuliko watoto wangu."

Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha kwenda rafu ya juu, kwenye amplifaya moja kubwa, nyeusi, ya spika tisa, yenye taa za buluu mbele kama mji unaoonekana kutoka mlimani. Mama akaona.

"Hiyo hapana. Sebule yako ina ukubwa gani?"

Mzee Mashine akafikiri. Hakuwahi kupima chumba kwa futi wala kwa mita. "Safu mbili," akasema. "Wanane, kama hawajanenepa."

"Safu mbili!" Mama akapiga meza. "Basi ile itawavunjia vikombe. Mfuko wako pia utavunjika. Chukua hii." Akavuta ya rafu ya chini, pana, imechubuka pembeni. "Spika tano. Nyuma ina matundu bapa manne, na ya duara ya kutosha vyombo vyako vyote vya mababu. Vyote vinaingia humu, kisha unatoka waya mmoja tu kwenda kwenye runinga. Unabadilisha kwa rimoti, umekaa. Magoti yako yanakwenda likizo."

"Santuri je?"

Mama akamwonyesha tundu la santuri. Mzee akalipapasa kwa kidole kama anayepima kama chai imepoa.

"Washa."

Mama akaiwasha, akapandisha muziki mpaka vioo vikatetemeka. Mzee Mashine akainua mkono.

"Shusha. Kelele hata jirani yangu anazo. Mimi natafuta maneno. Weka mtu anayesoma habari, kisha mpunguze mpaka awe kama anakunong'oneza."

Mama akamtazama kwa heshima mpya, akafanya hivyo. Mzee akarudi nyuma hadi mlangoni, kama mtu wa kiti cha nyuma kabisa, akafumba macho. Msomaji alisema mvua itanyesha, na kila neno lilifika na nguo zake zote.

Wakapatana bei ya amplifaya na spika zake. Zilikuwa pesa za feni na pasi za msimu mzima wa joto, lakini zilitosha. "Isipokufaa," mama akasema, "irudishe kabla sijafunga Jumamosi. Baada ya hapo mimi na wewe hatujuani."

Nyumbani Mzee Mashine akaifunga mwenyewe. Spika mbili mbele, mbili nyuma, waya zimenyooshwa kando ya ukuta kama mistari ya daftari. Ile ya maneno aliiweka mahali pake, nyuma ya picha, kama alivyoijua maisha yake yote. Mbele ya runinga hapakuwa na nafasi hata hivyo. Palikuwa na kitambaa cha kufuma cha Bi Tochi na chombo chake cha maua, na hapo hata mashine za sinema zilijua kutokukanyaga.

Kisha akaondoa magazeti kwenye kiti cha mkewe, akakipangusa, akamwita.

Bi Tochi akaketi ukingoni, aproni kiunoni, kama mgeni asiyetaka kuchelewa basi. Ulikuwa mchezo aliokuwa akiufuata zamani, wa daktari na familia yake yenye mali. Akasikiliza. Akainamisha kichwa upande wa sikio zuri.

"Vizuri," akasema, kwa ile sauti ya kusifia mtoto wa watu asiye na sura. Akainuka akaenda jikoni.

Mzee Mashine aliongeza sauti, akapunguza, akageuza kila kilichogeuzika. Magari yalipita sebuleni kutoka mlangoni hadi dirishani, mvua ilinyesha nyuma ya kochi, lakini watu waliendelea kuongea kama wamefunikwa blanketi. Jirani akagonga ukuta. Siku iliyofuata mambo yakawa yaleyale, na iliyofuata pia. Mkewe hakuja tena, wala hakulaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana akalitoa boksi la amplifaya uvunguni.

"Unakwenda wapi na hilo?" Bi Tochi akauliza.

"Nalirudisha. Yule mama ameniuzia kopo."

Akaingia nyuma ya runinga kwa magoti na viwiko kuchomoa waya, na kule nyuma kulikuwa giza. Akasikika akipapasa, akigonga kichwa, akitaja watengenezaji na mama zao.

"Ngoja," mkewe akasema. Akaenda chumbani, akarudi na tochi. Ileile ya ukumbini, ya chuma, iliyobonyea ubavuni tangu siku alipomgonga nayo mlevi. Akaiwasha juu ya bega la mumewe. Mwanga ukatua kwenye spika ya maneno, imeegemea ukutani, uso wake umeelekea mgongo wa runinga.

"Hii ya nini?"

"Ya maneno."

"Mbona umeificha?"

"Sijaificha. Ndipo inapokaa. Ukumbini ilikaa wapi? Nyuma ya pazia la picha, sauti itoke mdomoni mwa mtu."

Bi Tochi akaimulika runinga kwa nyuma.

"Mume wangu, lile pazia nililipangusa mimi miaka yote ile. Lilikuwa na vitundu kila mahali, vidogo, kama chujio. Sauti ilipita humo." Akagonga mgongo wa runinga kwa kucha: ko, ko, ko. "Haya, nionyeshe vitundu."

Mzee Mashine akaitazama runinga. Akamtazama mkewe. Miaka yote amekaa juu na mashine, pazia akaliona kwa mbele tu, jeupe, safi. Mwenye kulijua kwa nyuma alikuwa huyu. Akaanza kucheka akiwa bado amepiga magoti, akashindwa kutoka, ikabidi avutwe kwa mkanda wa suruali.

Bi Tochi mwenyewe akakiinua chombo cha maua, akakipeleka juu ya kabati, akakunja kitambaa. Spika ikakaa mbele, chini ya picha. Wakawasha.

"Sikumwambia mke wako kwa sababu mke wako ndiye aliyenituma," daktari wa mchezo akamwambia bwana mmoja, wazi, kama yupo kwenye kochi.

Bi Tochi akakaa. Si ukingoni, mpaka nyuma.

"Kumbe huyu daktari siye mumewe!" akapiga kelele. "Na mimi wakati wote namhurumia!" Na kicheko kikatoka, kikali, cha kupanda, yule jogoo na yule bata na viatu vyake.

Mzee Mashine alibaki amesimama katikati ya sebule, rimoti mkononi. Mwanga wa tochi ukampiga usoni.

"Wewe bwana, kaa chini. Unawaziba watu."

"Watu gani? Tupo wawili."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Binti akachungulia, waya moja sikioni na nyingine inaning'inia, kuona mama yake kapatwa na nini. Tochi ikahama kwake, ikashuka hadi kwenye simu, kisha ikatembea polepole sakafuni kumwonyesha njia hadi kiti cha pembeni.

"Zima hiyo," Bi Tochi akasema. "Safu ya pili, mkono wa kushoto. Na usipige kelele, imeshaanza."

Boksi likarudi uvunguni, na jioni hiyo lile duka likafungwa bila Mzee Mashine kutokea.