Kikohozi cha Susu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kikohozi kilikuwa habari njema nyumbani kwetu. Kila asubuhi tulimnywesha Susu maji, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na sisi tuliomzunguka tukatazamana kwa matumaini. Shangazi Mwende alihesabu. Majirani waliokuwa wakienda kuchuma kahawa waliuliza kutoka nje ya ua, "Leo amekohoa mara ngapi?" Nami nikawajibu kwa fahari ya mtoto aliyepewa kazi ya watu wazima, "Tisa." Wakasema Mungu ni mwema, wakaendelea na safari.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Wangu alikuwa mama yake baba, mwanamke mrefu, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Baba na mama walifanya kazi Athi River na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo mimi nililelewa na Susu na Shangazi Mwende kwenye kilima kimoja upande wa Kangundo. Nilimpenda Susu kuliko mama yangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Alianguka siku moja akipepeta maharagwe. Upande wake wa kulia ulikufa, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa hayatoki sawasawa. Alilazwa hospitali wiki nzima, kisha tukarudishiwa na vidonge vya presha na onyo kuhusu chumvi. Juu ya kumeza hakuna aliyetuambia kitu, na sisi hatukuuliza. Nani huuliza kama mtu mzima anajua kumeza?

Siku ya kwanza nyumbani, Shangazi alimpa maji kwenye kikombe. Yalitokea puani. Susu akapaliwa, akawa mwekundu wa macho, akakamata shati la Shangazi kwa ule mkono mmoja uliobaki mzima. Alipotulia tukampa uji wa wimbi, mzito, wa kijiko kusimama. Uji ukapita. Tukajaribu maji tena, yakamkaba tena. Uji, ukapita. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti, kwa sababu watoto husema wanachokiona: "Shangazi, uji anameza. Ni maji tu hataki."

Shangazi aliweka kikombe chini polepole. "Ni maji," akasema, na niliona usoni mwake kwamba alikuwa ameelewa jambo.

Sote tulielewa. Miezi michache kabla ya hapo, kiangazi kikiwa kimekaza, Mama Kioko, jirani yetu wa chini ya kilima, alikuja na mtungi kuomba maji kwenye tangi letu. Ilikuwa saa sita, jua la kuchoma. Susu alikuwa na kinyongo naye kwa sababu ya mbuzi wake waliokuwa wamemaliza kunde zetu. Nilikuwa pale, nimekaa kwenye kivuli cha tangi lenyewe. Susu alimwambia tangi limekauka, na wakati akisema hivyo bomba lilikuwa likidondoka nyuma yake, tone kwa tone, kila mtu akisikia. Mama Kioko akatazama yale matone. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Sawa, mama. Kunywa peke yako. Na yakukwame." Akabeba mtungi wake mtupu, akashuka kilima.

Kwetu, kumnyima mtu maji wakati wa kiangazi si uchoyo wa kawaida. Mtu akiondoka kwako na kiu, analolisema njiani linaweza kukufuata. Hilo tunaliita kiumo, laana ya mtu uliyemwonea. Shangazi Mwende alikuwa kwenye umoja wa akina mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha kichwa cha Jumapili na rozari mfukoni, na hakuona mgongano wowote. Laana iko hata kwenye Biblia, alisema, na mtu akitaka kubisha aende akasome.

Sasa mnaona jinsi mambo yalivyoingiana. Susu alinyima maji, maji yakamkataa. Hakunyima uji, uji ukapita. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hizo na sijawahi kukutana na maelezo yaliyofunga vizuri kama hayo.

Dawa yake ilijulikana. Aliyetoa kiumo ndiye anayekiondoa. Shangazi alishuka kilima akampigia magoti Mama Kioko, na Mama Kioko akaja siku hiyohiyo akilia kweli. "Mimi nilisema tu na hasira," alisema akiwa ameshika miguu ya Susu. "Sikujua itashika. Mama, mimi sikujua."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi na maji yake mwenyewe, aliyoyateka kwenye kisima cha mtoni, mbali, mwaka ambao kila tone lilikuwa na mwenyewe. Alichukua funda moja, akampulizia Susu kifuani, akasema, "Nimekuachilia, na maji yakuachilie." Yaliyobaki yalimiminwa kwenye nzele, kile kibuyu kilichopasuliwa katikati, na Susu alitakiwa kuyanywa yote. Shangazi alisema anayeshika nzele lazima awe mtu ambaye hajamkosea mtu yeyote. Waliokuwa mle ndani wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

Ndivyo nilivyopata kazi. Na ndivyo kikohozi kilivyogeuka kuwa habari njema, kwa sababu Shangazi alisema laana haitoki kimyakimya. "Hiyo ndiyo inatoka," alisema kila Susu alipokohoa. "Toa yote, mama. Toa."

Kuna jambo ninalolikumbuka kuliko mengine yote. Susu alikataa. Siku ya tatu au ya nne aliisukuma nzele kwa mkono wa kushoto, akanitazama. Hakuwa na maneno, lakini macho yake yalikuwa yaleyale, na yalikuwa yananiomba. Nilishusha mikono. Shangazi akasema nyuma yangu, "Mutheu, usimwonee huruma. Huruma yako ndiyo itamuua." Nikainua nzele tena. Nilimwambia, "Kunywa tu, Susu, upone," na yeye, ambaye maishani hakuwahi kutii mtu, akafungua mdomo kwa sababu nilikuwa mimi.

Karibu wiki mbili zikapita hivyo. Vikohozi vilianza kupungua. Tisa, sita, nne. Halafu asubuhi moja Susu alikunywa nzele nzima, mpaka chini, bila kukohoa hata mara moja.

Shangazi alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani. Mama Kioko alikaa chini kwenye sakafu ya udongo, akafunika uso na leso, akatetemeka mabega. Kuku alichinjwa. Watu walikuja kumsalimia Susu, na kila aliyekuja alitaka kumnywesha kidogo ili ajionee, na Susu alikunywa kwa kila mmoja, kimya. Mimi nilikaa karibu yake, nimeshiba kuku na sifa. Alijaribu kuita jina langu. Sauti yake ilitoka imelowa, sauti ya mtu anayeongea na maji mdomoni. Niliisikia vizuri, lakini nikafikiri ni furaha.

Siku ya tano baada ya sherehe hiyo, homa ilimpanda. Pumzi ikawa fupi, na kifua kikawa kinakoroma hata akiwa macho. Gari lilitafutwa. Nilimwona akipakiwa, blanketi la kijani limemfunika mpaka kidevuni, na hakurudi. Hospitalini walisema ni nimonia. Kijijini walisema nimonia ni jina tu.

Kijijini walisema Mama Kioko alibariki kwa mdomo huku moyo umekataa. Kwenye matanga alipokuja kusaidia kupika, mama mmoja alimpokonya sufuria mkononi. Baada ya hapo hakuna aliyekunywa maji yake. Watoto tulifundishwa kukataa hata uji kwake, na mimi nilikataa pamoja na wengine. Niliwahi kumwona amesimama langoni kwake na kikombe, akiwaita watoto waliotoka shule na kiu, nasi tukapita tukikimbia.

Nilikuwa mwanachuo Nairobi, nikisomea matibabu ya usemi na umezaji, siku nilipojua nilichokifanya. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba koo lina njia mbili, ya chakula na ya hewa, na kwamba kiharusi kinaweza kulegeza mlango unaozitenganisha. Maji hukimbia kuliko mlango unavyoweza kufunga, uji mzito huenda taratibu na kuusubiri. Kikohozi ni mlinzi, alisema. Mgonjwa anayekohoa bado anapigana. Kisha akasema wa kuogopwa ni yule aliyekuwa akikohoa akaacha, kwa sababu huenda hajapona, huenda mlinzi amechoka na maji yanaingia mapafuni bila kelele. Mtamjua kwa sauti, akasema, itakuwa imelowa. Nilitoka nje ya darasa. Nilikaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha.

Sasa nafanya kazi katika hospitali moja mjini Machakos. Namkalisha mgonjwa wima, naweka vidole kooni mwake nisikie kikoromeo kikipanda, nampa kijiko kimoja cha maji, nangoja. Halafu namwambia aseme kitu. Watu wa familia huona mchezo, kijiko kimoja na maswali mengi. Na mara kwa mara binti ya mgonjwa hunishika mkono na kuniambia, "Daktari, afadhali sasa, hata hakohoi tena." Miaka yote hii ya kazi, nikisikia maneno hayo bado hurudi kitandani mbio na kumwambia mgonjwa aseme kitu.

Mwaka jana nilienda kwa Mama Kioko. Nilijiambia naenda kumtua mzigo. Ni mzee sana sasa, mwanawe Kioko yuko Lukenya kwenye machimbo ya mawe, na yeye anakaa peke yake katika nyumba ileile. Alinitambua nilipomsalimia. Akanipa kigoda, akakaa, na kabla sijasema lolote akaniambia, "Sikupikii chai. Kwangu watu hawakunywangi."

Nilimweleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza jamaa za wagonjwa. Njia mbili, mlango, mlinzi aliyechoka. Nilimweleza hata habari ya sauti iliyolowa. "Si maneno yako yalimuua, Mama Kioko," nikamaliza. "Hata siku ile ungenyamaza, bado angepaliwa. Ilikuwa ni ule ugonjwa."

Alikunjakunja pindo la leso yake.

"Kwa hivyo si yale maneno," akasema.

"Si maneno."

"Ni maji."

Niliona alikokuwa anaelekea na sikuwa na njia ya kumzuia.

"Maji yenyewe," akasema. "Yale mimi nilikuwa naleta kila asubuhi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa hasira, hata kwa shukrani, Mungu anisamehe. Hilo sikuwa nimelifikiria, mimi na elimu yangu yote. Miaka yote alikuwa amebeba neno moja la hasira, na sasa nilikuwa nimemnyang'anya hilo nikampa mitungi yote aliyoibeba kwa upendo kutoka mtoni. Nilitamani ningekuwa nimenyamaza.

Kwa hiyo nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mama yangu wala mume wangu. "Wewe ulileta. Aliyemnywesha ni mimi. Alisukuma nzele, Mama Kioko. Alikataa, akaniangalia, na mimi nikamnywesha."

Aliinua uso. "Ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa unamwombea."

Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya nyumba, na chini barabarani pikipiki ilipita ikapotea. Nilijua ningeweza kuaga wakati huo na isingekuwa dhambi.

"Mama Kioko," nikasema, "niko na kiu."

Alitazama langoni, kana kwamba kuna mtu angetuona. Kisha akainuka kwa taabu, akaingia ndani. Nilimsikia akisuuza kikombe, akakisuuza tena, na tena. Nilipokuwa nikimsubiri niliwaza kwamba sikumtua mzigo wowote, nilimfanya tu ajue kwamba wangu na wake ni mmoja, na sijui mpaka leo kama hiyo ni huruma au ni uchoyo wa aina nyingine.

Alirudi na kikombe cha bati kilichojaa mpaka ukingoni, maji yakimwagika vidoleni. Nikanywa. Hakunitazama usoni, alinitazama kooni, mpaka funda la mwisho likapita. Hata baada ya hapo aliendelea kungoja, ameegemea mbele, akisikiliza.

"Ongea," akaniambia. "Sema kitu kidogo nisikie."

"Asante, mama."

Alisikiliza mpaka neno likaisha. Kisha akachukua kikombe mikononi mwangu, akaniuliza kama naongeza.